Klempu Haiungi Mbao

Je, nguvu inaweza kuunganisha? Swali hili limewashughulisha wanateolojia, watawala na wazazi kwa karne nyingi, na kwa kawaida jibu hufuata upande aliosimama mjibuji: aliyeshika mpini husema inaweza, aliyebanwa husema haiwezi. Ndiyo maana naona linafaa kupelekwa kwanza mahali ambapo cheo cha mjibuji hakibadilishi matokeo, yaani kwenye karakana ya seremala. Huko nguvu hupimika kwa namba, kiungo hupasuliwa kikaonekana ndani, na mbao iliyolazimishwa huachia bila kujali aliyeilazimisha ni nani. Hoja ninayoitetea ni kwamba nguvu haiungi kitu chochote. Kazi yake halali ni kushika mahali pake vitu ambavyo tayari vimeandaliwa vikalingana, tena kwa muda wenye kikomo, wakati kitu kingine kisicho nguvu kinafanya muungano wenyewe. Anayeelewa vizuri namna ya kuchagua na kutumia klempu, yaani vifaa vya kubania mbao, hasa zile za taya sambamba, ameshika nusu ya jibu kuhusu kulazimishana katika imani na katika siasa. Nusu ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu klempu hiyo hiyo inaweza kuwapa hoja wale wanaotetea kulazimisha.

Tuanze na kazi yenyewe. Fundi anayetaka uso wa meza wenye upana wa sentimita 80 ni nadra kupata ubao mmoja wa upana huo, na hata akiupata, ubao mpana una tabia ya kujikunja. Kwa hiyo huchukua mbao nne au tano, akaranda mbavu zake, akazipaka gundi, akazipanga ubavu kwa ubavu na kuzibana. Gundi nyeupe ya mbao inayotumika sana siku hizi ni chembe ndogo mno za plastiki zinazoelea katika maji. Ikishapakwa, maji hunywewa na mbao na mengine hupotea hewani. Chembe husogeleana, hugusana, kisha hushikamana zikawa utando mmoja uliozama katika vinyweleo vya pande zote mbili. Hilo ndilo tendo la kuunga, na chuma hakishiriki ndani yake. Linafanywa na gundi, unyevu, joto na muda. Kiungo cha namna hii kikifanywa vizuri huwa imara kuliko mbao zenyewe: ukikivunja kwa nyundo kesho yake, mara nyingi ufa hupita pembeni mwa mstari wa gundi, ndani ya mbao. Wakati huo klempu, ambayo ndiyo iliyoonekana kufanya kazi kubwa, imekwisha kutundikwa ukutani. Mwanateolojia wa Kiislamu al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alichokikamilisha mwaka 1095, alionya kwamba jicho linaloona moto umegusa pamba na pamba ikaungua limeona mambo mawili yakifuatana tu. Usababishi wenyewe halijauona. Yeye aliifikisha hoja hiyo mbali, hadi kusema kwamba msababishi wa kweli ni Mwenyezi Mungu peke yake. Mimi naiazima hatua yake ya kwanza: tunaona klempu imekazwa, tunaona mbao zimeshikana, na tunaharakisha kusema kwamba kukaza ndiko kulikoshikanisha.

Basi klempu inafanya nini? Inasogeza nyuso mbili hadi gundi ibaki utando mwembamba, inasukuma nje hewa na ziada, na inazuia vipande visihame gundi inapokauka. Kazi hizo ni za lazima, na hakuna anayezidharau. Ila angalia ni sifa gani zinazozifanya ziwezekane. Klempu ya kawaida yenye umbo la F hushika reli yake kwa sababu mkono unaoteleza umeegemea upande. Ukikaza zaidi unainama zaidi, na mbao huvutwa kwenye mwinamo huo. Uso uliopangwa ukiwa bapa unatoka na tumbo. Klempu za bomba zina kasoro ya jamii hiyo hiyo, kwa kuwa nguvu hupita kando ya bomba na bomba lenyewe hupinda. Mafundi huzipanga moja juu, moja chini, ili upotofu wa hii ukanushe upotofu wa ile. Klempu ya taya sambamba imelikabili tatizo kwenye chanzo. Taya zake ni pana na bapa, zimevikwa plastiki isiyoshikwa na gundi, na zote mbili husimama pembe mraba juu ya reli hata zinapokazwa, hivyo reli yenyewe inakuwa kipimo cha kulazia kazi. Kampuni ya Bessey ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1889, ni miongoni mwa watengenezaji wake wanaojulikana sana, na klempu yake ya aina ya K Body REVO imetajwa kuweza kubana hadi newtoni 8,000. Namba hiyo ndiyo inayomvutia mnunuzi kwanza. Fundi makini huitazama mwisho. Kwanza hufunga taya polepole na kuziinua kwenye mwanga aone kama zinakutana juu hadi chini. Hukaza kwa kiasi na kutazama tena, kwa sababu klempu inayoonekana nyoofu ikiwa tupu inaweza kupotoka ikipewa kazi. Huweka skwea kati ya taya na reli. Hupima kama kichwa kinachoteleza kinabaki pale alipokiacha au kinashuka chenyewe. Anachonunua ni unyoofu unaodumu chini ya mzigo. Nguvu isiyo na unyoofu ataipata kwa bei rahisi popote, nayo itamharibia mbao zake kwa kasi kubwa kuliko klempu dhaifu.

Nguvu yenyewe inahitajika kiasi gani? Hapa hoja yangu inapaswa kukiri ukweli usioipendelea, kwa maana nguvu inayotakiwa ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Miongozo ya watengenezaji wa gundi hutaja mgandamizo wa karibu newtoni 0.7 hadi 1 kwa kila milimita mraba kwa mbao laini kama msonobari, na zaidi ya hapo kwa mbao ngumu kama mninga. Chukua ubavu wa ubao wenye unene wa milimita 25 na urefu wa mita 1: eneo lake ni milimita mraba 25,000. Kwa newtoni 1 kwa kila milimita mraba, kiungo kimoja tu kinadai newtoni 25,000, takriban uzito wa tani 2 na nusu. Hata klempu tatu za newtoni 8,000 zikikazwa hadi mwisho hazifikishi, na mkono wa mtu ni nadra kuufikia mwisho huo. Anayesema seremala anaunga kwa upole mtupu hajawahi kuzipiga hesabu hizi. Lakini tazama nguvu hiyo kubwa inavyotakiwa kufika. Haifiki kwa klempu moja iliyokazwa na mtu mwenye misuli. Mgandamizo husambaa kutoka kwenye taya kwa pembe ya takriban nyuzi 45, kwa hiyo mbao nyembamba zinahitaji klempu zilizokaribiana, na mbao pana, au zilizowekewa kibao cha kinga kati yake na taya, zinaruhusu nafasi kubwa zaidi. Klempu tano zilizokazwa kwa kiasi hutoa mstari wa gundi ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho. Klempu mbili zilizokazwa kwa hasira huacha sehemu mbili kavu zilizokamuliwa gundi yote na sehemu ya katikati yenye gundi nene isiyoshika vizuri. Jumla ya nguvu inaweza kuwa ile ile. Kinachozitofautisha ni mgawanyo wake.

Halafu kuna kiungo kibaya. Tuseme mbavu mbili hazikurandwa vizuri na katikati pana mwanya wa milimita 2. Klempu inaweza kuufunga. Kwa macho, siku hiyo, hakuna atakayetofautisha meza hiyo na nyingine iliyorandwa kwa uangalifu: mstari ni ule ule, vitone vya gundi vimejipanga vile vile, mteja analipa na kuondoka. Ndani yake, hata hivyo, mbao imekunjwa kama upinde na inataka kurudi ilikokuwa. Gundi hii ya maji haifurahii mzigo usiokoma. Husogea kidogokidogo, kwa miezi. Na mbao yenyewe haitulii, kwa kuwa hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, ikipanuka na kusinyaa upande wa upana huku urefu wake ukikaribia kubaki ule ule. Meza iliyotengenezwa kwenye hewa kavu ya nyanda za juu ikipelekwa Mombasa au Tanga itavimba, ikirudishwa itasinyaa. Kila mzunguko wa namna hiyo unajaribu viungo vyote, na kile kilichofungwa kwa kulazimishwa ndicho kinachoanza kufunguka. Ndiyo maana mafundi wazuri hufunga kazi nzima kwanza bila gundi, huku wakikaza kidogo tu. Kiungo kisichofunga kwa nguvu ndogo wakati huo hurudishwa kwenye randa. Sheria hii ya karakana ina uzito wa kimaadili ambao naona haujapewa haki yake: nguvu kubwa mwishoni mara nyingi ni deni la kazi iliyorukwa mwanzoni, na deni hilo hulipwa na mtu mwingine, yaani mwenye meza, wakati fundi hayupo.

Msomaji anayeijua kazi hii atanipinga mara moja kwa kutaja kiungo cha kuchimba katikati. Wapo mafundi stadi ambao kwa makusudi huranda ubavu wa ubao ukabaki na shimo dogo sana katikati, unene wa karatasi hivi, ili klempu moja ikiwekwa katikati ifunge mwanya na wakati huo huo ncha mbili zigandamizwe kwa nguvu ya mbao yenyewe. Hapo kulazimisha kumepangwa tangu mwanzo, na viungo hivyo hudumu. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake linatupa kipimo cha kutumia mbele ya safari. Shimo hilo linabaki ndani ya kiasi ambacho mbao inaweza kukivumilia bila manung'uniko, na limewekwa kwa ajili ya haja ya mbao: ncha za ubao hukauka na kusinyaa mapema kuliko katikati, kwa hiyo mgandamizo wa ziada unawekwa pale udhaifu utakapotokea. Fundi ameijua tabia ya kile anachokibana, akaipa nafasi. Upande wa pili wa mizani kuna ushahidi wa zamani zaidi: gundi ya moto itokanayo na ngozi za wanyama iliwawezesha maseremala kusugua mbao mbili fupi zilizorandwa vizuri, moja juu ya nyingine, hadi zishikane, bila klempu hata moja. Kama kuunga kungekuwa tendo la nguvu, jambo hilo lisingewezekana kabisa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mtengenezaji samani Michael Thonet. Mwaka 1859 kiwanda chake katika himaya ya Austria kilitoa kiti namba 14, kiti cha vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2, ambacho kiliuzwa duniani kwa mamilioni. Fito zake zilikuwa zimenyooka, zikakunjwa zikawa duara, na zikabaki duara. Nani aseme kwamba nguvu haikuzipa umbo jipya? Nakubali kwamba ilizipa. Lakini fuata hatua zake. Ufito uliingizwa kwanza ndani ya mvuke kwa muda mrefu, hadi ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti ikalainika. Upande wa nje ulifungwa utepe wa chuma ili nyuzi zisivutwe zikakatika. Ukakunjwa kwenye kalibu, ukabanwa, ukaachwa humo hadi ukauke. Ufito mkavu ukikunjwa kwa nguvu ile ile huvunjika. Ukiwa umelainika nusu, hukunjika na kurudi. Wahenga wetu waliposema samaki mkunje angali mbichi walikuwa wanatoa sharti, na wengi wanaolitumia neno hilo kuhalalisha fimbo hukumbuka kukunja wakasahau ubichi. Ni kweli kwamba malezi yana mgandamizo: ratiba, makatazo, adhabu ndogo, kusubiri. Mgandamizo huo hufanya kazi kwa mtoto ambaye upendo na uaminifu vimekwisha kumlainisha, na ambaye kuna aliyefunga utepe upande ule unaouma. Bila hayo, kinachopatikana ni utii unaodumu muda wote ambao mzazi yuko chumbani.

Sasa tuingie kwenye dini, ambako swali limeumiza watu wengi zaidi. Mwaka 1689 ilichapishwa barua ya mwanafalsafa Mwingereza John Locke kuhusu kuvumiliana, naye alidai kwamba nguvu ya dola haina njia ya kuifikia imani: kifungo na faini vinaweza kubadili matendo na maneno ya mtu, lakini kusadiki hutokana na kuona ushahidi, na hakuna anayeweza kuona ushahidi kwa amri. Hoja hii inapatana na aya ya 256 ya Sura al-Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini kwa sababu uongofu umekwisha kupambanuka na upotovu. Mwaka uliofuata, kasisi wa Oxford aliyeitwa Jonas Proast akamjibu Locke kwa ustadi mkubwa. Alikubali kwamba nguvu haizai imani moja kwa moja. Lakini, akasema, watu wengi hawakatai kweli kwa sababu wameipima. Hawajaipima kabisa, kwa uzembe, mazoea na kiburi. Adhabu ya wastani inaweza kuwafanya wasimame, wasikilize, watafakari, na kweli yenyewe itafanya kazi iliyobaki. Nguvu haiungi, bali inashikilia mahali pake mpaka kinachounga kifanye kazi. Hiyo ndiyo hoja ya klempu, neno kwa neno, na mtu aliyekubaliana nami hadi hapa anadaiwa jibu.

Jibu langu linatoka kwenye karakana ile ile. Klempu ina taya mbili, na nguvu inayobana upande mmoja ni sawasawa na ile inayobana upande wa pili. Fundi hawezi kukaza ubao wa kushoto peke yake. Katika mpango wa Proast, upande unaobanwa ni mmoja. Asiyefuata kanisa rasmi analazimishwa kufikiri, naye aliyezaliwa ndani ya kanisa hilo na hajawahi kuitafakari imani yake hata siku moja anaachwa alale. Locke aliligusa jambo hili katika majibu yake ya miaka iliyofuata, na akaongeza kwamba mtawala wa kila nchi anaiona dini yake kuwa ndiyo ya kweli, kwa hiyo ruhusa iliyotolewa kwa mmoja imetolewa kwa wote. Pili, klempu hutumika juu ya nyuso zilizorandwa. Faini hairandi. Mtu anayelipishwa kwa ajili ya dhamiri yake hapati utulivu wa kupima hoja. Anapata sababu ya kumchukia mwenye hoja, na mafundisho yanayofika yakiwa yameshikwa mkononi na askari yanafika yamechafuliwa. Katika kiungo, vumbi na mafuta kwenye uso ni vitu vinavyozuia gundi kupenya, na ukikaza zaidi havitoki. Tatu, na hili naliona kuwa la msingi, seremala anaondoa klempu ili ajue kama amefaulu. Hana njia nyingine ya kujua. Proast hakuweka saa ambayo adhabu ingeondolewa ili matokeo yaonekane, na waliotawala kwa hoja kama yake nao hawakuiweka, kwa sababu waliogopa kitakachotokea.

Augustino wa Hipo anastahili kusikilizwa hapa, maana yeye hakuzungumza kwa nadharia. Alikuwa Mwafrika, askofu katika mji ulio Algeria ya leo, na mwanzoni alipinga Wadonati, Wakristo waliokuwa wamejitenga na kanisa lake, kurudishwa kanisani kwa amri za serikali. Kisha aliwaona watu wa miji mizima, ukiwemo mji wake wa asili, wakirudi baada ya sheria za kaisari, na baadhi yao wakishukuru kwamba walisukumwa. Katika barua aliyomwandikia Vincentius, askofu wa upande wa waliojitenga, karibu mwaka 408 alieleza kwamba ni matukio hayo yaliyombadilisha. Simtuhumu kwa unafiki; alitazama kiungo kikiwa kimefungwa na akasema kimefungwa. Lakini mwishoni mwa karne ya 6, karibu miaka 200 baadaye, barua za Papa Gregori wa Kwanza bado zilikuwa zikiwalalamikia Wadonati wa Numidia. Walioshukuru huenda walishukuru kwa moyo mweupe. Waliosalia kimya ndio waliokuwa wakisubiri, na mtu anayekaza hana kipimo cha kuwatenganisha, kwa sababu chini ya mgandamizo wote wanaonekana sawa. Gharama ya kulazimisha inayosahaulika zaidi ni hiyo: inamnyima anayelazimisha uwezo wa kuujua ukweli kuhusu kazi yake mwenyewe.

Siasa yetu wenyewe imeacha ushahidi ulio karibu zaidi, na unaonyesha pande zote mbili za hoja kwa pamoja. Nchini Tanzania, mwaka 1967, katika andiko lake kuhusu ujamaa vijijini, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa vingeundwa na watu wenye hiari, kwamba kuwalazimisha kungekiua kile kinachotafutwa. Novemba 1973 msimamo ulikuwa mwingine: kuhamia vijijini kukawa amri, na hadi mwisho wa 1976 kila mkulima alitakiwa awe amehama. Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni, mahali pengine nyumba zikibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi. Waliokuwa wametawanyika walisogezwa wakawa ubavu kwa ubavu. Nini kiliungana? Shamba la pamoja, ambalo ndilo lililokusudiwa kuwa moyo wa ujamaa, liliachia karibu kila mahali. Watu walipeleka jembe kwenye mashamba yao na kutoa saa chache zisizo na moyo kwa la kijiji. Lakini vijiji vingi havikuvunjika. Vipo hadi leo, vina majina, viongozi na makaburi ya vizazi viwili. Vilishikwa na shule, ambazo Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka zimfikie kila mtoto, na vilishikwa na kisima, zahanati, soko, Kiswahili kilichozungumzwa na wote, na ndoa kati ya majirani wapya. Mtetezi wa operesheni atasema: bila kusukumwa, hayo yasingekuwapo. Huenda kuna kweli katika hilo, nami sitaki kulifuta. Ila mgandamizo ulikuwa mmoja juu ya vitu vyote viwili. Kama huo ndio uliounga, shamba la pamoja nalo lingeshika. Kilichoshika ni kile kilichopakwa gundi, na waliochomewa nyumba walilipa kwa kiungo ambacho kisima na darasa, vikitangulia, vingeweza kukifunga kwa nguvu ndogo zaidi.

Linabaki swali ambalo watetezi wa nguvu hulipenda: vipi kuhusu wasiolingana kamwe? Ziko jamii zenye dini mbili au nne ambazo hazitarandwa zikawa ubavu mmoja, na kuzisubiri ni kusubiri kisichokuja. Useremala umelijibu swali hili kwa mlango wa fremu na paneli, mlango wa namna ambayo wengi wetu tunafungua kila siku. Nguzo na mapao ya fremu huunganishwa kwa ulimi na tundu, kwa gundi, na hapo klempu za taya sambamba ndipo zinapoonyesha thamani yake, kwa sababu fremu isipokuwa mraba mlango hautafunga. Fundi hupima kona hadi kona mara mbili kabla gundi haijakauka, na vipimo visipolingana huhamisha klempu kidogo. Paneli ya katikati haipakwi gundi hata tone. Inaingia kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya fremu na kuachiwa nafasi ya kupanuka masika na kusinyaa kiangazi. Wengine hupaka nta kwenye pembe za paneli, ili gundi ikimwagika kutoka kwenye viungo isiishike kwa bahati mbaya. Fundi mchanga anayeigundisha paneli kwa kudhani anaongeza uimara hupata ufa katikati yake mwaka haujaisha, na akikaza zaidi ufa huja mapema. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inayaacha mambo ya kuamini na kueneza dini kuwa hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini ikauweka nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 8, inasema dola haina dini. Vifungu hivyo mara nyingi husomwa kama udhaifu, kama serikali kushindwa kuamua. Mimi navisoma kuwa uamuzi mgumu juu ya mahali pa kupaka gundi na mahali pa kutoipaka. Sheria ya jinai, kodi, mkataba, ulinzi wa mtoto na wa mjane: hapo fremu lazima ishike, na dola ina haki ya kubana pande zote kwa usawa hadi pembe ziwe mraba. Ndani ya mfereji, msikiti, kanisa, hekalu na asiyeamini wanahitaji nafasi ambayo hakuna skrubu inayoifikia.